Kabla baba watoto hajajenga jumba la ndege

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia ujumbe mrefu wa simu. Nimeufupisha kwa ruhusa yake.

"Shikamoo anti. Mume wangu amestaafu mwaka huu na kiinua mgongo kimeingia. Tulikubaliana tujenge vyumba vinne vya kupangisha kwenye kiwanja chetu, kodi yake imalizie ada ya kitinda mimba. Sasa ameona kwenye simu video za watu wa Indonesia wenye majumba marefu yasiyo na madirisha, ndani wanaishi ndege, viota wanauza kwa dola. Kuna kijana anataka kumuuzia ramani ya jengo pamoja na sauti za kuwaita hao ndege. Anasema hali ya hewa ya kule na huku ni moja. Nikihoji naambiwa sipendi maendeleo. Naomba unieleze hilo jumba likoje, na kama litatufaa."

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla fedha haijatoka. Na nikutoe wasiwasi kwa jambo moja: mumeo hajaota. Biashara hiyo ipo kweli, tena ni ya miaka mingi. Jibu la swali lako la mwisho nitakupa, ila kwanza mjue ndege mwenyewe na nyumba yake. Ubishi wa chumbani hauishi kwa kusema "hapana" tu. Mwenzako atakuuliza "kwa nini", na hapo lazima uwe na la kumjibu.

Ndege huyo ni wa jamii ya teleka, wale wembamba wenye mabawa kama mundu ambao wengi wetu tunawachanganya na mbayuwayu. Teleka wetu wa huku hujenga chini ya madaraja, kwenye mapaa au kwenye makuti ya minazi na mivumo. Huokota manyoya na vijani wakiwa hewani, kisha huvigandisha kwa mate. Yule wa Malaysia, Indonesia, Thailand na Vietnam amezidi: kiota chake ni mate matupu. Huyatoa kama nyuzi, usiku baada ya usiku, kwa mwezi mzima hivi au zaidi, mpaka panatokea kitu kama kikombe kilichokatwa nusu na kubandikwa ukutani. Ni chepesi sana. Kupata kilo moja unahitaji viota mia moja hivi.

Wachina huvichemsha kwa sukari ya mawe wakapata kinywaji chenye utelezi. Humpa mgonjwa anayeinuka kitandani, mzee, na hasa mama mjamzito, kama sisi tunavyompikia mzazi mtori. Kilo ya viota vilivyosafishwa huuzwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Hapo ndipo macho ya baba watoto yalipong'aa, na simlaumu.

Lakini mwangalie huyu ndege anavyoishi. Miguu yake ni mifupi na dhaifu, hawezi kutua tawini. Anachojua ni kung'ang'ania ukutani. Chakula chake ni wadudu wanaoruka, na huwakamata yeye mwenyewe angani tangu alfajiri hadi magharibi. Gizani hutoa mlio wa tik-tik-tik na kusikiliza mwangwi unavyorudi ili asijigonge, kama popo, isipokuwa mlio wake sisi tunausikia. Kwa hiyo huyu si kuku. Hafungiwi bandani, halishwi pumba, na hakuna duka linalouza vifaranga vyake. Mwenye jumba hana ndege hata mmoja aliye mali yake. Alicho nacho ni giza, unyevu na ubaridi. Huviweka hapo na kusubiri, kama mtu wa Tabora anavyotundika mzinga mtini akasubiri nyuki waje kwa hiari yao.

Asili ya ndege hawa ni mapangoni. Kisiwani Borneo, katika mapango ya Niah na Gomantong, wavunaji bado hupanda ngazi ndefu za henzirani na mianzi kufuata viota kwenye dari la mwamba. Huko Java, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, baadhi yao waliingia kwenye nyumba za watu, za zamani na zenye giza. Wenye nyumba wakagundua kwamba ukimwachia ndege chumba, anakulipa. Wengine walipata ujanja wa kuchukua mayai ya ndege huyu na kuyaweka kwenye viota vya teleka mwingine mdogo ambaye tayari anaishi kwenye majengo, ili amlelee. Makinda wakikua wanarudi palepale walipolelewa. Baada ya msukosuko wa uchumi wa Asia wa mwaka 1997, maduka na nyumba nyingi zilizobaki tupu Malaysia ziligeuzwa kuwa nyumba za ndege, na ujenzi wa majumba mapya ukashika kasi.

Sasa jumba lenyewe. Kwa nje ni boma la ghorofa mbili, tatu au nne, rangi ya saruji, halina dirisha hata moja. Juu kabisa kuna tundu kama dirisha dogo, na karibu yake spika inayotoa sauti za ndege zilizorekodiwa. Ndani ya tundu pana ukumbi mtupu wa kuzungukia, maana ndege huingia kwa kasi na anahitaji nafasi ya kupunguza mwendo. Kutoka hapo hushuka kwenye uwazi ulioachwa katika sakafu, ghorofa hadi ghorofa, na kila anaposhuka giza linazidi. Mwisho hufika kwenye vyumba vya viota. Darini kumepigiliwa mbao zilizosimama kwa ubavu, upana wake kama shubiri moja, zikakatizana na kuwa vijumba vya mraba. Kwenye kona za mbao hizo ndipo anapobandika kiota. Mbao hazipakwi dawa wala vanishi, kwani zikinuka hakai. Humo ndani kuna spika nyingine ndogondogo zenye sauti ya upole zaidi, kumwaminisha mgeni kwamba kuna wenzake.

Hayo fundi yeyote anaweza kuyachora, na ninashuku ndiyo yaliyomo kwenye ramani ya yule kijana. Kazi iko kwenye joto.

Fikiria: chukua nyumba, izibe madirisha yote, kisha iache juani Pontianak, mji wa Kalimantan ambao mstari wa Ikweta unapita ndani yake. Umepata tanuri la mikate. Ndege naye anataka pango. Anataka nyuzijoto kati ya 26 na 30 hivi, 28 ikiwa ndiyo nzuri zaidi, mchana na usiku bila kupandapanda. Anataka na unyevu wa hewa wa asilimia 80 hadi 90, ile hali ambayo nguo ikianikwa ndani haikauki.

Mtu wa kwanza kufikiri atasema kiyoyozi. Kiyoyozi hakifai. Mbali na bili ya umeme, kiyoyozi hukausha hewa. Yale maji unayoyaona yakidondoka nje ya ofisi yenye kiyoyozi ni unyevu uliotolewa ndani, na hapa huo unyevu ndio unaotakiwa. Kwa hiyo wajenzi wa kule wamejifunza kuzuia joto lisiingie, badala ya kuhangaika kulitoa likishaingia.

Wanaanza na paa. Kwenye Ikweta jua la saa sita linapita karibu na utosi mwaka mzima, basi paa linapigwa kuliko ukuta wowote. Baada ya paa ni ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Huo wa magharibi ndio msumbufu zaidi, kwani jua lake linakuja wakati hewa yote imeshapata moto. Kuta za kaskazini na kusini hupata kidogo tu. Ndiyo maana mjenzi makini hulaza jengo kwa urefu wake mashariki hadi magharibi, ili kuta fupi ndizo zitazame jua, na tundu la ndege hulielekeza mbali na jua la jioni. Juu ya ghorofa ya mwisho humwaga zege, kisha juu ya zege huinua paa jingine na kuacha nafasi katikati yenye matundu ya hewa. Joto la bati linaishia kwenye nafasi ile na kupulizwa nje kabla halijagusa zege. Wengine huacha maji ya kina kifupi juu ya zege, wengine hutandika povu au karatasi ya kung'aa chini ya bati.

Kuta nazo huwa nene. Wenye uwezo hujenga tofali mbili zenye uwazi katikati, hewa iliyonaswa ikawa kama blanketi. Ukuta mnene una faida nyingine: hupoa usiku, na kesho yake joto huchukua saa nyingi kupenya. Likifika ndani jua limeshazama. Kwenye ardhi ya kinamasi ya Kalimantan ambayo haibebi ukuta mzito, majumba mengi husimama juu ya nguzo za mbao, na hapo wenyewe hutegemea tabaka za vitu vyepesi vinavyozuia joto.

Hewa lazima ipite, kwa sababu ndege wengi wakijisaidia chumba kimoja amonia hupanda na kuwasha macho. Lakini upepo ukiwa mkali unakausha, na tundu lolote linaingiza mwanga. Ufumbuzi wao naupenda kwa urahisi wake: mabomba ya plastiki ya inchi nne yanapitishwa ukutani kwa safu, na kwa nje kila moja linafungwa elbo inayotazama chini. Hewa inaingia polepole, mwanga unabaki nje.

Unyevu huletwa na maji. Pembezoni mwa sakafu hujengwa vijito au mabeseni ya saruji, mara nyingine yenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi wa mbu. Kuna pia mashine za kutoa ukungu mwembamba wa maji, zikiunganishwa na kipima unyevu kinachoziwasha na kuzizima. Ukungu ule hupunguza joto pia, kama ngozi yenye jasho inavyopoa upepo ukipita. Ila hufanya hivyo tu hewa ikiwa bado ina nafasi ya kupokea maji. Mchana hewa ya nje ikiwa na moto na kavu kidogo, mashine ina kazi. Usiku hewa ya Borneo imeshalowa, ukiiwasha unamwagilia ndege bure. Wasiojua huiacha ikiungurama kutwa kucha, na matokeo yake mbao huota kuvu, viota hugeuka rangi, ndege wanahama. Na unyevu ukipungua sana, kiota hukauka, hupasuka na kubanduka na kilichomo.

Kilichomo ni mayai mawili, au makinda mawili. Kinda wa ndege huyu huanguliwa akiwa uchi kabisa, hana hata unyoya. Mchana wazazi wote wawili wanatakiwa wakatafute wadudu, tena mbali. Anayemfunika mtoto saa hizo ni chumba. Chumba kikipanda hadi nyuzi 34 saa tisa alasiri, hakuna wa kumpepea. Kwa hiyo vile vipimajoto vilivyotundikwa kila ghorofa si madoido, na mwenye jumba anayesoma namba zake kila siku, hasa za ghorofa ya juu iliyo karibu na paa, ndiye anayebaki na ndege. Makinda hukaa kiotani wiki sita hivi kabla ya kuruka. Mvunaji mwenye akili husubiri waondoke ndipo abandue kiota. Mwenye pupa hubandua na mayai yamo. Huyo hupata pesa ya mwezi huu, ila mwaka unaofuata hana kizazi kipya cha kurudi.

Tena usidhani wa kule wote wanaogelea kwenye fedha. Yapo majumba mengi yaliyojengwa kwa mkopo ambayo spika zinaimba miaka na ndani hakuna kitu, au kuna jozi chache tu. Hata jumba lililopata ndege huchukua miaka kabla ya mavuno ya maana. Bundi huingia, panya hula mayai, na wezi wa viota nao wapo, ndiyo maana milango huwa ya chuma. Majirani nao wana neno. George Town, mji wa Penang nchini Malaysia, uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na nyumba zake za kale zilikuwa zimejaa ndege na spika za kutwa. Ilibidi serikali ya jimbo iamuru shughuli hiyo iondoke kwenye eneo la urithi.

Soko nalo lina tabia zake. Mwaka 2011 China iligundua kemikali ya naitraiti kwa wingi kwenye viota vyekundu, ikafunga mlango kwa bidhaa kutoka Malaysia. Bei ikaanguka vibaya, na waliokuwa wamejenga majuzi ndio walioumia zaidi. Soko lilipofunguliwa tena, China iliweka kikomo cha miligramu 30 za naitraiti kwa kilo. Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia, niseme na hili: madaktari wa Singapore wameandika kuhusu watoto waliovimba na kubanwa pumzi baada ya kula viota hivi. Atakayeletewa zawadi ya chupa na ndugu aliyeko Asia asiharakishe kumnywesha mtoto kwa kuwa tu ni ghali.

Narudi Morogoro. Ndege huyu hayupo Tanzania, na hayupo popote Afrika bara. Ndugu zake wa karibu upande wetu wa bahari wako visiwani Shelisheli, Morisi na Réunion. Sauti ya spika humwita ndege anayepita juu ya paa lako. Haimwiti aliye Java avuke Bahari ya Hindi. Teleka wetu wa kwenye minazi wakiitikia, ambalo silitarajii, kiota chao ni manyoya yaliyogandishwa, hakuna wa kukinunua. Kuwaleta wale wa Asia nako hakuna maana, hata vibali vingepatikana: ukimfungia ndege anayekula akiruka utakuwa unamuua kwa njaa, na ukimwachia kesho hayupo. Hata hiyo hali ya hewa si moja. Morogoro ina miezi ya kiangazi ambayo hewa hukauka midomo ikapasuka, wakati kule Kalimantan mvua hunyesha karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo hapana, mwanangu, halitawafaa. Mtapata boma la ghorofa tatu lisilo na dirisha, ambalo hata mpangaji hawezi kuingia.

Namna ya kumwambia ndiyo ninayoiwaza zaidi. Mtu aliyeamka saa kumi na moja kwenda kazini kwa miaka thelathini, leo anaamka na hana pa kwenda. Video ile imempa kitu cha kufikiria, na ukikibeza anasikia umembeza yeye. Usimpelekee gazeti mbele ya watoto au mbele ya shemeji zako. Mkae wawili, mmwite yule kijana, na mumeo mwenyewe amwulize: ndege watatoka wapi, na ni nani hapa nchini ameshavuna tumwone? Aulize hivyo kabla ya kulipa hata shilingi ya ramani. Baada ya hapo naamini hutahitaji kusema kitu.

Na kama ameshapenda ufundi wa kupoza jengo, usimzime, mpe kazi. Vile vyumba vinne vya kupangisha vitakuwa chini ya bati, na watoto wa wapangaji watalala humo. Sisi si ndege, tunataka mwanga, upepo na ukavu. Lakini jua ni lilelile. Asimamie fundi aweke dari kila chumba, na juu ya dari aache matundu ya hewa pande mbili, yenye wavu wa kuzuia popo. Paa litokeze mbele na nyuma kiasi cha kutia ukuta kivuli. Jengo lilale mashariki hadi magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini yakipishana ili upepo upite. Ukuta mfupi wa magharibi uachwe bila dirisha, na nje yake, mbali kidogo na msingi, apande mwarobaini. Aupande sasa hivi, kabla tofali la kwanza halijafika.